Shamba la Kuonyeshwa

Funguo za grefu, yaani ofisi yetu ya makarani wa mahakama, nilizirudisha mwezi uliopita. Zilikuwa nne. Aliyezipokea aliandika tano. Nikamwomba azihesabu tena mbele yangu, akakuta nne, akaninunia kana kwamba ya tano nimeimeza. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Ninyi wadogo zangu mnaobaki mliniomba niwaachie orodha: maneno ya sheria ya wazee, yametoka wapi na yana maana gani, ili mkikutana nayo barazani msiaibike. Orodha hiyo nimeianza mara mbili na mara mbili nimeichana. Neno la sheria likiwekwa peke yake kwenye orodha linakuwa kama kandambili moja sokoni: unaitambua, lakini huwezi kutembea nayo. Kwa hiyo nitawaandikia nilivyoyapata, na moja kati ya hayo nilivyolikosea. Vyeo sitavitaja, vilikuwa viwili. Mshahara nao tuuache upumzike, ulichoka kabla yangu.

Mimi ni mtoto wa Kasongo mjini. Baba yangu alikuwa na duka la chumvi, sabuni na vitenge, na kaunta ile ndiyo shule niliyosoma kwanza. Pale nilijifunza kwamba bei ya kwanza ni salamu tu, na kwamba mteja anayeapa kabla hujamuuliza kitu, mhesabie vipande vya sabuni mara mbili. Mambo hayo mawili yamenisaidia mahakamani kuliko diploma. Nilipochukuliwa kuwa karani wa mahakama ya mila nikapelekwa upande wa Kabambare, nchi ya Wabangubangu, ambako sikuwa na shangazi wala mjomba. Mama yangu alilia. Baba aliniuliza kama nimebeba kalamu ya pili.

Siku ya kwanza nilifika nina vumbi mpaka ndani ya masikio. Aliyenipokea ni Mzee Sumaili, karani mkuu, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Hakuniuliza jina. Alinionyesha meza, akaniambia nitazame chini. Kila mguu wa meza ulisimama ndani ya kopo la samaki lililojaa mafuta machafu ya mashine.

— Muchwa hawajui kusoma, lakini wanamaliza kitabu mbele yako, akasema. Kila siku ya kwanza ya juma ongeza mafuta. Rejista isiguse ukuta. Ukichoka kuandika, acha kuandika. Usifupishe.

Mafunzo ya kazi yaliishia hapo. Tulipomaliza kula ugali wa muhogo na majani yake, akaanza kunipima.

— Hakimu. Hii neno ni ya nani?

— Ni ya kwetu, Mzee.

— Kwenu wapi?

— Kasongo.

— Ah. Kumbe Kasongo ndio mulizaa hakimu. Na shahidi? Na rehani? Mulizaa wote?

Akacheka bila kutoa sauti, kisha akanieleza jambo ambalo baadaye nimelirudia kwa kila karani mpya, na ninyi mmelisikia mpaka mkachoka. Kila aliyepita katika nchi hii alituachia maneno ya kutuhukumu nayo. Waliokuja na misafara kwa njia ya Nyangwe walituachia hakimu, shahidi, mirathi, rehani na hiba, maneno ya Kiarabu yaliyokwisha kuvalishwa Kiswahili njiani. Walituachia na baraza: kwao ilikuwa sehemu ya mbele ya nyumba, wanapokaa wanaume na kuongea, kwetu ikawa mahali pa kukatiwa maneno. Nyampara alikuwa mkubwa wa wapagazi. Msafara ukaisha, wapagazi wakatawanyika, nyampara akabaki kijijini akiendelea kuwaita watu kazini. Wabelgiji wakaleta parke, ofisi ya mashtaka, na prosè-verbal, karatasi ya maelezo, wakaleta na buloko la kufungia watu, neno ambalo mtu huelewa maana yake bila kujua kusoma. Kapita, msimamizi wa kazi, ni neno la Kireno, na matabishi, yaani bakshishi, pia. Wanasema matabishi ilikuwa tone la pombe la asubuhi, la kumuua mnyoo tumboni. Mnyoo huyo hajafa mpaka leo, na huonekana zaidi karibu na ofisi.

Chini ya maneno hayo yote yako ya wenye udongo. Kwa Kibangubangu yana majina yake, nami sitajaribu kuyaandika, maana tahajia yangu imewachekesha wenyewe vya kutosha. Barazani waliyageuza Kiswahili ili mgeni kama mimi aelewe. Hatari ilikuwa hapo. Mgeni alidhani ameelewa.

Nitatoa mfano mwepesi kwanza. Chini ya hukumu nyingi za Mzee Sumaili niliona ameandika neno moja: *wamekula*. Kwa miezi miwili nilidhani anaweka kumbukumbu ya chakula cha majaji. Hata mkaguzi mmoja aliyetoka mjini alilizungusha kwa kalamu nyekundu, akauliza nani alitoa ruhusa ya chakula hicho. Kumbe kwa watu wa kule hukumu ikishasomwa na kutiwa muhuri bado haijaisha. Inaisha siku wale wawili waliogombana wanakaa kwenye kuku mmoja, kila mmoja anakata paja la upande wake, na watu wanawaona wanatafuna. Wasipokula, kesi iko hai, hata kama karatasi inasema imekufa. Mzee Sumaili alikuwa anaenda mwenyewe kwa miguu kuangalia kama wamekula. Mkaguzi alipoelezwa hayo akaandika kwamba maelezo hayatoshi.

Sasa nije kwenye lile nililokosea.

Mwaka wangu wa pili Mzee Sumaili alishikwa na malaria, nikabaki peke yangu na muhuri. Ukitaka kujua mtu ni nani, mwachie muhuri wiki moja. Mimi nilinyoosha shati kila asubuhi. Siku ya tatu wakaja wazee wawili kutoka kijiji kimoja cha upande wa Wamaza, na mashahidi wanne nyuma yao. Wa kwanza aliitwa Mzee Lukali, mwenye kilima chenye kijito chini yake. Wa pili, Mzee Ramazani, alikuwa mvuvi kutoka karibu na Nyangwe. Mto ulikuwa umemchukulia kaka yake na mtumbwi siku moja, akaapa kutotia tena mguu majini. Lukali alikuwa amempokea, amempa jembe mbele ya watu, wamekula pamoja. Walitaka iandikwe.

Wakubwa wa juu walikuwa wametuletea karatasi mpya zilizochapwa kwa Kifaransa, nzuri, zenye visanduku vinne vya kutia alama: mauzo, zawadi, urithi, upangaji. Nikaanza kumhoji Lukali kama mtu wa kaunta.

— Mzee, hii shamba umemuuzia?

— Hapana.

— Unamupangisha? Atakuwa analipa?

— Hapana. Ataleta tu kitunga ya kwanza ya mupunga, akivuna. Tutaionja, basi.

— Ni ndugu yako? Mwenye kurithi?

— Ndugu namna gani, mutu wa mutoni huyu. Mimi nimemuonyesha shamba. Andika hivyo: amemuonyesha.

Kisanduku cha *amemuonyesha* hakikuwepo. Nilivitazama vile vinne, nikavihesabu tena, vikabaki vinne. Nikakumbuka kwetu Kasongo: mjomba wangu alipompa jirani kiwanja, aliita mashahidi, akamkabidhi kamba aliyokipimia, wakala pilau, shehe akasema hiyo ni hiba, imekamilika, hairudi. Nikaona ni kitu kilekile, tofauti ni pilau tu. Nikatia alama kwenye zawadi. Nikawasomea yote kwa Kifaransa, kwa sauti ya kujisikia, nao wakaitikia kwa vichwa kwa sababu nilisoma vizuri. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua Kifaransa. Wakaweka vidole gumba kwenye wino, vidole sita, nikavihesabu mara mbili.

Mzee Sumaili alirudi kazini akiwa ameshika ukuta. Akafungua rejista, akafika kwenye ukurasa ule, akakaa nao muda mrefu.

— Baba, akaniambia, na alikuwa haniiti hivyo. Umekamata shamba ya mutu, umemupa mutu mwingine. Kwa kalamu.

Akanifundisha hapo hapo. Mgeni aliyeonyeshwa shamba analima, anakula, anaoa, anazeeka pale, na watoto wake vilevile, na hakuna wa kumfukuza maadamu ana adabu. Lakini mambo matatu hafanyi. Hapandi mti utakaodumu kuliko yeye, kama vile mchikichi. Hamwonyeshi mtu mwingine shamba hilo. Na hamziki mtu wake hapo. Akifiwa, anabeba maiti yake mpaka kwao, hata kama ni mwendo wa siku tatu. Udongo ukishakula mtu wa ukoo fulani, udongo huo ni wa ukoo huo, na hakuna baraza litakalobishana na kaburi.

— Waite warudi, akasema. Tuandike upya mbele yao wote wawili.

Nikasema ndiyo. Kisha mvua zikaanza, na daraja likaondoka. Kisha Lukali akaumwa. Kisha nikapelekwa kituo kingine kwa muda. Kila mara nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri. Sikuwaita. Ninyi mnaosoma hapa mkitafuta mahali nilipoharibu kazi, si siku ile ya kutia alama. Siku ile nilikuwa mjinga tu. Ni zile siku zote zilizofuata, nilipokuwa ninajua.

Vita ilipofika kwetu Mzee Sumaili alikuwa ameshakufa. Mimi nilitia rejista saba kwenye sanduku la bati, nikalifunga kwa mpira wa gurudumu la baiskeli, nikalizika nyuma ya choo, ambako askari hawachimbi kwa hiari. Tuliporudi kutoka porini nilifukua saba. Wengi walinisifu. Hakuna aliyejua kwamba moja ya hizo saba ningeshukuru kama mchwa wangeifikia.

Miaka ikapita. Nikahamishiwa mahakama ya amani ya Kasongo, yenye jaji aliyesomea kazi na wazee wawili wa mila wanaokaa kushoto na kulia kwake. Ndipo mwaka wangu wa mwisho kesi ikaingia, nami nikaisajili kwa mkono wangu. Salumu, mwana wa Ramazani, dhidi ya Mama Feza, binti wa Lukali.

Wazee wote wawili walikuwa wamekufa. Salumu alikuwa amekutana na wachimba dhahabu waliotoka upande wa Lusangi, wakapima mchanga wa kile kijito, wakautaka. Alitaka kuwapa sehemu yote ya chini ya kilima. Mama Feza, mjane mwenye wajukuu watano, alikuwa analima sehemu ya juu, na makaburi ya kwao yalikuwa katikati, juu kidogo ya maji. Mnajua kijito kinavyokuwa baada ya wachimbaji kupita: hakuna ukingo, hakuna mpunga, na hakuna aliyezikwa anayebaki mahali pake. Salumu alikuwa na karatasi, nakala ya ukurasa wangu, yenye muhuri. Mama Feza alikuwa na mdomo wake.

Jaji alikuwa kijana, mwenye viatu vizuri, aliyekuja kwetu kutoka mbali na ambaye alisoma kila kitu mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida. Akaniinulia nakala.

— Karani, sahihi hii ni yako?

— Ni yangu.

— Inasema zawadi.

— Inasema uongo, nikasema. Naomba karani mwingine akae kwenye kiti changu, nami nisimame upande wa mashahidi.

Nikaeleza yote: visanduku, pilau ya mjomba, Kifaransa changu kizuri. Jaji akaniuliza tangu lini ninajua kwamba ukurasa huo si sahihi. Nikamwambia tangu wiki ileile. Akauliza miaka yote hiyo nilikuwa wapi.

— Nilikuwa hapa, nikasema.

Hakuandika jibu hilo. Salumu aliyekuwa amekaa mbele akawageukia watu.

— Munaona? Grefye, karani wetu huyu, amezeeka, sasa anakana mukono yake mwenyewe. Kesho atakana watoto yake.

Watu wakacheka, na sikuwalaumu. Jaji akasema kwamba karani hawezi kufuta rejista kwa kinywa chake, na kwamba yeye pia hawezi kuifuata rejista ambayo mwandishi wake anaikataa. Tutaenda shambani, akasema, tuulize shamba lenyewe.

Tulikwenda kwa pikipiki mpaka Wamaza, pikipiki sita, moja ikiwa na breki. Kutoka pale ni miguu. Jaji alivua vile viatu vizuri kwenye mto wa pili na hakuvivaa tena. Mimi nilirudishiwa kalamu, kwa kuwa karani mwingine alikuwa na homa, na pande zote mbili zilikubali niandike kile kitakachoonekana tu, nikisome kwa sauti palepale. Salumu alikubali haraka mno. Kaunta ya baba yangu ilinifundisha kuogopa mteja anayekubali haraka, lakini sikuona bado anachoficha.

Tukaanza na michikichi. Ilikuwa arobaini na mmoja, yote mirefu, ya zamani. Mzee wa mila aliyekaa kushoto kwa jaji, mtu wa maneno machache tunayemwita Baba Notable, akamuuliza Salumu mwaka gani baba yake alipanda hata mmoja.

— Baba hakupenda mawese, Salumu akajibu.

— Miaka yote ile?

— Alikuwa mutu wa samaki.

Nikaandika. Tukashuka kwenye makaburi. Mama Feza alitangulia, akiwa peku, akiwataja wafu wake kama mtu anayewatambulisha wageni nyumbani: huyu ni baba, huyu mama, huyu dada yangu mukubwa, hawa wawili ni mapacha. Alipofika wa mwisho akasema:

— Ni hao. Kumi na moja.

Nikahesabu. Kumi na mawili. Nikarudi mwanzo, nikahesabu tena kwa kugusa kila kilima cha udongo kwa kalamu. Kumi na mawili. La mwisho lilikuwa pembeni kidogo, dogo, limezungushiwa mawe meupe ya mtoni, na majani yaling'olewa karibuni.

Mama Feza alikuwa ananitazama. Jaji alikuwa mbali, akitoa mwiba mguuni. Baba Notable macho yake hayaoni tena vizuri. Niliielewa maana ya kaburi la mgeni kuliko mtu yeyote pale, kwa kuwa nililipishwa somo hilo kwa aibu. Kama ni la watu wa Ramazani, Mama Feza amekwisha. Yeye mwenyewe alikuwa amesema kumi na moja. Ningeandika alivyosema tu, na ingekuwa kweli kwamba amesema.

Mara ya kwanza shamba hilo lilipopita mikononi mwangu niliandika kitu ambacho hakikuwepo. Nisingeweza mara ya pili kuacha kuandika kilichopo, hata kwa ajili yake. Nikaandika kumi na mawili. Nikasoma kwa sauti, kwa Kiswahili.

Salumu ndipo alipotabasamu.

— Grefye wetu anajua kuhesabu, akasema. Ile ya kumi na mbili ni ya kwetu. Ni mutoto yangu. Sasa wazee waseme: mugeni anazika?

Baba Notable akaegemea fimbo yake. Akamgeukia Mama Feza, akamwuliza kama ni kweli.

— Ni kweli, Mama Feza akasema. Ni mutoto ya Salumu.

Baba Notable akafumba macho, na nikajua anachokwenda kusema. Hapo mwanamke mmoja kati ya waliotufuata akaweka chini kikapu alichobeba kichwani. Alikuwa Zaina, mke wa Salumu.

— Naomba nafasi niseme, akasema.

— Hayo ni ya wanaume, Salumu akamwambia. Kaa.

— Nimekaa siku nyingi.

Jaji akauliza kama mama huyu ni mdai au mdaiwa. Nikamwambia si mmoja wala mwingine. Baba Notable, bado macho yamefumbwa, akasema:

— Aseme. Ni yeye alizaa.

Zaina hakumtazama mumewe. Alizungumza akiangalia yale mawe.

— Wakati ya vita Salumu alikuwa ameenda kuchimba, hakurudi karibu miaka miwili. Baba mukwe alikuwa amekufa, watu sita walimubeba mpaka kwao, karibu na Nyangwe, kama wazee wanavyotaka. Tukakimbilia porini, nyuma ya kilima hii. Mutoto alikuwa na miezi ine. Akaumwa siku tatu. Alipokufa, njia zote zilikuwa zimefungwa, na sikuwa na mutu hata mumoja wa kumubeba. Mimi nilijua mugeni hazike hapa. Kila mutu anajua. Nikakaa naye siku nzima mikononi. Kisha nikaenda kwa Mama Feza, nikapiga magoti, nikamuomba udongo.

— Akasemaje? jaji akauliza.

— Alichukua jembe. Alichimba mwenyewe, mimi sikuwa na nguvu. Akafungua kitenge yake, alikuwa na mbili tu, tukamufunga mutoto ndani. Na haya mawe tuliyatoa naye mutoni.

— Zaina, nyamaza sasa, Salumu akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Zaina akamgeukia kwa mara ya kwanza.

— Kama shamba ilikuwa yetu, mimi ningeomba nini?

Baba Notable akafumbua macho. Akapiga fimbo chini mara moja, polepole, akamwambia jaji kwamba amesikia nani aliyeomba na nani aliyetoa, na kwamba kwake yeye shamba limejibu. Salumu aliketi chini mahali alipokuwa amesimama. Watu walimwacha.

Jaji alibaki na swali moja, la mtu anayesoma mpaka mwisho. Akamwuliza Mama Feza kwa nini alisema kumi na moja, akijua kwamba yako kumi na mawili, na kwa nini hakujitetea kwa habari hiyo tangu mwanzo, maana ilikuwa upande wake.

— Ule si mufu wangu wa kuhesabu, Mama Feza akasema. Ni wa Zaina. Mimi namuchungia tu. Nitaenda kusema barazani mambo ya magoti ya mwenzangu?

Mimi nilikuwa ninaandika, na ilibidi nisubiri kidogo kabla ya kuendelea, kwa sababu wino haupendi maji.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki chache, Kasongo, mbele ya watu wote hao. Kwamba alama yangu ilitiwa kwa makosa na inafutwa. Kwamba kilima na kijito ni vya ukoo wa Lukali. Kwamba Salumu na watoto wake wanaweza kubaki kama wageni walioonyeshwa, wakitaka, kwa kitunga cha kwanza cha mpunga. Neno lenyewe jaji aliniambia niliandike kwa Kiswahili katikati ya Kifaransa, bila kutafuta kisanduku. Kama mtaniuliza maana ya kuonyeshwa shamba, basi someni hukumu hiyo. Maana yake yote imo, na asili yake pia, kwa kadiri ninavyoijua mimi.

Jaji alipokuwa anakunja karatasi, Mama Feza akainua mkono. Akasema iko kitu kimoja hakijaandikwa. Kwamba mtoto hatoki pale, hata siku Salumu atakapohama, hata siku yeye Feza atakapokufa na watoto wake kubaki na kilima.

— Grefye, andika hiyo pia.

Jaji akaniitikia kwa kichwa. Nikafungua kalamu, na kwa kuwa huwezi kumwandika mtu mahakamani kama "mtoto" tu, nikamwuliza Salumu jina lake.

Salumu akafungua mdomo. Akatazama mikono yake. Alikuwa machimboni mtoto alipozaliwa, na aliporudi waliomwambia habari walimwambia tu kwamba amekufa. Sasa baraza zima lilikuwa linamsubiri, na yeye aliyemleta mtoto huyo mbele ya sheria hakulijua jina lake.

— Sakina, Zaina akasema kutoka nyuma.

Hakuwa ameandikwa popote, wala kwa nesi wala kwa mtu wa serikali. Wakati ule hakukuwa na wa kumwandika. Nikaandika, Sakina binti Salumu. Kisha nikamwomba Zaina alitaje tena, kwa sauti kubwa kidogo. Mimi nilikuwa nimelisikia vizuri. Nilitaka na babake alisikie.